UCHAMBUZI: Haki ya walemavu Kwale yakwama mlangoni pa duka la dawa

Tunapozungumzia afya katika Kaunti ya Kwale, fikira zetu hukimbilia hospitali: idadi ya vitanda, uhaba wa madaktari, ambulensi iliyochelewa kufika. Ni nadra kusikia mjadala kuhusu duka la dawa. Ilhali kwa mkazi wa kawaida wa Ukunda, Msambweni au Lungalunga, duka hilo mara nyingi ndilo kituo cha kwanza anachokiendea anapougua, na ndilo kituo cha mwisho anapotoka hospitalini na karatasi ya daktari mkononi.

Kwa sababu hiyo, mtu asiyeweza kuingia dukani humo, au anayeingia asielewe anachoambiwa, hajapata huduma ya afya hata kama daktari alimpima vyema. Matibabu hayaishii kwenye meza ya daktari. Huishia kinywani mwa mgonjwa, kwa kipimo sahihi na kwa wakati ufaao. Baina ya meza hiyo na kinywa hicho upo mlango wa duka la dawa, na kwa watu wengi wenye ulemavu katika pwani ya kusini, mlango huo ni kama umefungwa.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza. Kenya haina upungufu wa sheria za kuwalinda watu wenye ulemavu. Kinachokosekana ni afisa mwenye muhuri wa kuuliza maswali matatu kila leseni ya duka la dawa inapotolewa: Mtu wa kiti cha magurudumu ataingiaje hapa? Asiyeona ataitambuaje dawa yake? Na kiziwi ataelezwaje namna ya kuimeza?

Hesabu isiyotosha

Huenda msomaji akauliza ni watu wangapi tunaowazungumzia. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wapatao 918,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Kiwango hicho kilikuwa juu zaidi mashambani, asilimia 2.6, kuliko mijini ambako kilikuwa asilimia 1.4. Ulemavu wa viungo unaomzuia mtu kutembea ndio uliokuwa mwingi kuliko aina nyingine zote.

Katika sensa hiyo Kwale ilikuwa na watu 866,820. Iwapo kaunti hiyo haiachani sana na wastani wa taifa, basi tunawazungumzia watu zaidi ya elfu kumi.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba sensa ya 2019 iliwahesabu wale tu waliosema wana ugumu mkubwa, au hawawezi kabisa, kuona, kusikia, kutembea na kadhalika. Sensa ya 2009, iliyotumia maswali tofauti, ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, takriban asilimia 16 ya walimwengu, wanaishi na ulemavu mkubwa.

Tofauti hizo si uongo wa upande wowote. Zinategemea swali lililoulizwa. Ajuza wa Gazi ambaye macho yamefifia na magoti yamekaza hatajiita mlemavu mbele ya karani wa sensa. Atasema ni uzee tu. Lakini mbele ya ngazi tatu za duka la dawa na maandishi madogo ya pakiti, shida yake na ya aliyesajiliwa ni moja.

Tena, kundi hili huhitaji dawa kuliko wengine. Aliyepooza upande mmoja kwa sababu ya kiharusi hana budi kumeza dawa za shinikizo la damu kila siku. Aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari bado ana kisukari. Mwenye kifafa akikosa dawa ghafla anaweza kuanguka siku hiyo hiyo, jikoni penye moto au ufuoni penye maji. Ndiyo maana si haki kulichukulia suala hili kama hisani kwa wachache.

Ngazi na nondo

Majengo ya biashara katika miji yetu mingi ya pwani, Ukunda ikiwamo, hujengwa juu kidogo ya barabara, na kwa sababu nzuri: masika yakija, maji hutafuta mlango ulio chini. Mwenye nyumba huinua sakafu, kisha huweka ngazi moja, mbili au tatu. Anayetembea hazioni. Anayetumia kiti cha magurudumu haoni kitu kingine.

Akifika hapo ana njia mbili. Ya kwanza ni kubebwa na watu asiowajua, kama gunia. Ya pili ni kubaki barabarani na kuita. Mhudumu hutoka nje, huuliza shida ni nini, na mgonjwa huieleza mbele ya waendeshaji bodaboda, wauza maembe na wapita njia. Kama shida yake ni mafua, hakuna neno. Kama ni dawa za kuzuia mimba, za ugonjwa wa zinaa au za kutuliza akili, basi amelazimishwa kuchagua baina ya siri yake na afya yake. Wengi huchagua siri.

Kuna kikwazo kingine kinachosahauliwa. Maduka mengi ya dawa huhudumia wateja kupitia kidirisha kilichozungushiwa nondo, kwa kuhofia wezi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kaunta iliyo juu na nondo zilizosongamana humfanya aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu asionekane, na humzuia kiziwi kuuona vyema uso na midomo ya anayezungumza naye.

Cha kushangaza ni kwamba ujuzi wa kuondoa vikwazo hivi haujapotea Kwale. Katika hoteli kubwa za ufuo wa Diani, njia ya mteremko si kitu kigeni; masanduku ya watalii yana magurudumu, na wageni wengi ni wazee. Fundi anayeweza kuujenga mteremko hotelini anaweza kuujenga pia mbele ya duka la dawa la Ukunda, mwendo mfupi kutoka huko.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni chepesi kukumbuka: kwa kila sentimita moja ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Mlango nao uwe na uwazi wa sentimita 80 hivi. Hiyo ni kazi ya saruji ya siku moja au mbili, au ya seremala mwenye mbao imara pale ambapo barabara haina nafasi ya saruji.

Bahasha ya moja mara tatu

Tuseme mteja ameingia. Kazi imeanza tu. Mkenya yeyote aliyewahi kuugua anaijua bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "1x3" au "2x2". Ndani yake mna vidonge vilivyohesabiwa kutoka kwenye mkebe mkubwa. Mgonjwa mwenye maradhi mawili hurudi nyumbani na bahasha tatu au nne zinazofanana kwa umbo, ukubwa na hata uzito.

Kwa asiyeona, bahasha hizo ni kitendawili. Hulazimika kumtegemea mtoto au jirani kwa kila kidonge, na siku jirani anaposafiri, hukisia. Kumeza dawa ya kisukari mara mbili badala ya ya shinikizo la damu si kosa dogo. Sukari ikishuka kupita kiasi mtu huzimia.

Barani Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 iliwataka watengenezaji waandike jina la dawa kwa breli, yaani maandishi ya nukta nundu, kwenye boksi. Nchini Marekani, sheria ya 2012 iliagiza kuandaliwa kwa mwongozo wa kuwawezesha wasioona kupata maelezo yaliyo kwenye chupa za dawa, na mwongozo huo ukatolewa 2013. Hizo ni hatua za kupigiwa mfano. Lakini zina mpaka wake kwetu: boksi lenye nukta nundu hata likifika Msambweni, mteja asiye na pesa za boksi zima hukatiwa vidonge kumi vikatiwa kwenye bahasha. Nukta hubaki dukani. Isitoshe, si kila asiyeona alipata bahati ya kujifunza breli, hasa aliyepoteza macho ukubwani.

Kwa hivyo dawa ya tatizo letu haitatoka kiwandani pekee. Inaweza kutoka kwenye droo ya mhudumu. Mpira mmoja kuzunguka bahasha ya dawa ya asubuhi, mipira miwili kwenye ya jioni. Kona iliyokatwa kwenye bahasha ya dawa ya moyo. Mhudumu akamtia mteja bahasha mkononi, akamwacha aipapase na kuyarudia maelezo kwa kinywa chake kabla ya kuondoka. Mwenye simu anaweza kurekodiwa maelezo hayo kwa sauti. Hakuna katika hayo linalohitaji wafadhili.

Aidha, Bodi ya Dawa na Sumu ilianzisha mfumo wa nambari maalumu inayobandikwa dukani, ambayo mteja huituma kwa ujumbe mfupi wa simu ili ajue kama duka hilo limesajiliwa. Ni mpango mzuri dhidi ya matapeli. Lakini nambari iliyobandikwa ukutani humfaa anayeiona. Asiyeona, ambaye ndiye rahisi zaidi kuuziwa dawa bandia au iliyopitwa na wakati, anastahili kutajiwa nambari hiyo bila ya kuiomba.

Lugha ya mikono

Kwa viziwi, tatizo ni jingine. Wahudumu wengi hudhani kwamba kalamu na karatasi zinatosha. Hawafahamu kuwa Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili wala Kiingereza kilichogeuzwa kuwa mikono. Ni lugha kamili yenye sarufi yake, na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 7, inaiagiza serikali kuiendeleza. Kiziwi aliyeacha shule mapema huenda asielewe sentensi ya Kiswahili iliyoandikwa haraka, seuze "1x3", ambayo haisemi kama ni kidonge kimoja mara tatu au vidonge vitatu mara moja.

Matokeo yake ni kwamba kiziwi huja na mkalimani wa nyumbani, mara nyingi mtoto wake mwenyewe. Hebu fikiria mama anayetaka ushauri kuhusu uzazi wa mpango, akalazimika kumpitishia maneno mwanawe wa miaka kumi. Ama atayapunguza maneno, ama atanyamaza.

Na hata asipokuwa kiziwi, mlemavu aliyesindikizwa hugeuka kuwa mtu wa tatu katika ugonjwa wake. "Anaumwa wapi?" mhudumu humuuliza msindikizaji. "Mwambie ameze baada ya chakula." Mgonjwa yupo hapo hapo, anasikia, na pengine ana akili kuwashinda wote wawili. Wenye mtindio wa ubongo, ambao ulimi huwa mzito ilhali fahamu ni timamu, ndio wanaokutwa zaidi na dhuluma hii. Kuirekebisha hakuhitaji hata shilingi. Kunahitaji adabu ileile ambayo watu wa pwani hujivunia: kumsalimu mtu, kumtazama, na kumuuliza yeye mwenyewe.

Kuhusu ishara, Kwale haina haja ya kuagiza walimu kutoka mbali. Shule ya Viziwi ya Kwale imo ndani ya kaunti. Ishara thelathini au arubaini za msingi, kama vile homa, maumivu, mimba, asubuhi, usiku, chakula, usizidishe, zinaweza kufunzwa kwa siku chache, na viziwi wenyewe wakiwa ndio wakufunzi wanaolipwa. Michoro nayo ipo: Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia limetayarisha picha za jua, mwezi, sahani na kidonge ambazo mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, huzielewa.

Umbali na nauli

Hadi hapa tumezungumzia maeneo yaliyo kando ya barabara kuu ya Likoni hadi Lungalunga. Sehemu kubwa ya Kwale haiko hapo. Bara ya Kinango na Samburu ina vijiji vilivyotawanyika, na duka la dawa lenye mtaalamu aliyesajiliwa huwa mbali. Mkazi wa Kisiwa cha Wasini hana budi kupanda chombo hadi Shimoni kabla hata ya kufikiria gari la kwenda Msambweni. Kwa mwenye ulemavu, kila safari ni nauli mbili, yake na ya msindikizaji, na wakati mwingine nauli ya tatu, ya kiti cha magurudumu.

Umbali huu huzaa hatari ya kuuziwa dawa na asiyesomea. Majirani zetu wa Tanzania, ambao kutoka Lungalunga ni kuvuka mpaka tu, walilikabili tatizo kama hilo mwaka 2003 walipoanzisha Maduka ya Dawa Muhimu katika Mkoa wa Ruvuma. Wauzaji wa vijijini walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza ikawekwa. Mpango huo baadaye ulisambazwa Tanzania Bara. Haukuwa mpango wa walemavu, lakini aliyefaidi zaidi duka lilipokaribia ni yule ambaye safari ilimgharimu zaidi.

Kenya ina nguzo yake ambayo haijatumika ipasavyo katika jambo hili. Mnamo Septemba 2023 Serikali ya Kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya nyanjani wapatao 100,000, wakapewa vifaa vya kazi na jukumu la kuzitembelea familia. Wanazijua nyumba zenye mtu asiyetoka kitandani. Kama mgonjwa wa kifafa wa Ndavaya ana dawa ileile kila mwezi, hakuna sababu ya msingi ya kutopanga namna ambavyo zahanati, mfamasia na mhudumu huyo watamfikishia, kila mmoja akiwajibika kwa sehemu yake.

Watu wenye ualbino nao wasisahauliwe. Katika jua la pwani, losheni ya kukinga ngozi si kipodozi. Ni kinga dhidi ya saratani. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni hizo bila malipo kupitia hospitali za umma. Mpango huo ni wa kusifiwa. Lakini huanzia kwenye usajili, na usajili huanzia kwenye kitambulisho. Katika kaunti ambayo Wamakonde walitambuliwa kuwa Wakenya 2017 na Wapemba 2023, wapo watu wazima ambao kwa sehemu kubwa ya maisha yao hawangeweza kusajiliwa kwa lolote.

Sheria zilizochelewa

Sasa tuangalie sheria zinasemaje. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa 2003 na kuanza kutumika Juni 2004. Lakini vifungu vilivyohusu majengo na magari ya umma viliachwa vikisubiri, na havikuanza kazi hadi Januari 2010. Wamiliki wa majengo ya umma walipewa miaka mitano ya kuyarekebisha. Muda huo ulimalizika 2015.

Sheria hiyo pia ilikataza mtu kuzuiwa kuingia, au kunyimwa huduma, mahali panapoingiwa na umma, kwa sababu tu ya ulemavu wake. Mwaka 2008 Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, unaotaka huduma za afya ziwe karibu kadiri iwezekanavyo na wanakoishi, vijijini ikiwa pamoja. Ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Cha 46 kinampa mnunuzi haki ya maelezo ya kumwezesha kufaidi alichonunua, awe ameuziwa na serikali au na mtu binafsi. Cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na kupata habari, kwa ishara, breli na njia nyingine.

Mnamo Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Imepokewa kwa matumaini makubwa, na ni haki yake. Lakini miaka zaidi ya ishirini ya ile ya kwanza inatufunza kwamba sheria isiyo na mtu wa kuigongea mlango hubaki kitabuni.

Ugumu wenyewe unaeleweka. Mwenye duka aliyeweka ngazi hajasema kwamba mlemavu asiingie. Hakumfukuza mtu. Ubaguzi wake hakuutamka kwa ulimi, umejengwa kwa saruji, na pengine aliujenga mwenye nyumba kabla yeye hajapanga. Mlemavu naye hawezi kushtaki kila ngazi anayokutana nayo kutoka Ng'ombeni hadi Vanga. Aliyeumwa hutafuta dawa kwanza. Wakili atakuja baadaye, na aghalabu haji.

Mwenye muhuri ndiye mwenye dawa

Ndipo tunaporudi kwenye leseni. Kila duka la dawa nchini huhitaji idhini za namna mbili, na zote huhuishwa mara kwa mara. Bodi ya Dawa na Sumu, chini ya sheria iliyoanza 1957, husajili jengo la duka kila mwaka. Kaunti nayo hutoa kibali cha biashara na kuidhinisha ramani za majengo mapya. Zaidi ya hayo, Jedwali la Nne la Katiba linaitaja waziwazi huduma ya famasia miongoni mwa majukumu ya kaunti. Serikali ya Gavana Fatuma Achani kwa hivyo haihitaji kusubiri Nairobi.

Tumesikia mara nyingi kuhusu operesheni za kufunga maduka ya dawa yasiyo na leseni hapa pwani, na hiyo ni kazi njema. Umma una haki ya kuuliza: ni duka gani lililowahi kupewa hata onyo kwa sababu ya ngazi zake?

Wapo watakaosema kwamba masharti mapya yatawaua wafanyabiashara wadogo. Hoja hiyo isipuuzwe. Duka la dawa kijijini likifungwa kwa sababu ya mteremko, mlemavu atakuwa amepoteza mara mbili. Kwa hivyo masharti yaje kwa ngazi. Mwaka wa kwanza yadaiwe yasiyo na gharama: kuongea na mgonjwa mwenyewe, alama za kupapasa kwenye bahasha, michoro ya vipimo, kiti cha kukalia, na pembe ya faragha. Mwaka wa pili udaiwe ubao wa mteremko unaohamishika. Ujenzi wa kudumu udaiwe kwa majengo mapya na kwa kila anayehamia jengo jingine, na mzigo huo aubebe mwenye nyumba anayepokea kodi, si mpangaji peke yake. Atakayefanya mapema apunguziwe ada ya kibali.

Serikali pia haiwezi kumdai mfanyabiashara kile ambacho yenyewe haijakifanya. Dirisha la dawa la Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, za Kwale na Kinango, na la kila zahanati, yawe ya kwanza kukaguliwa. Na rafu za hospitali zisiwe tupu, kwani mgonjwa anayetumwa kununua nje hulipa kutoka mfukoni, hata kama amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), ambacho kina tawi Msambweni, na vyuo vingine vya famasia vingeweza kuwafunza wanafunzi ishara za msingi kabla hawajavaa koti jeupe.

Ukaguzi wenyewe ufanywe na watu wenye ulemavu. Katiba, katika kifungu cha 177, imewapa nafasi za uteuzi katika bunge la kaunti. Wawakilishi hao, pamoja na vyama vyao vya mashinani, ndio wanaojua ni mteremko upi ni mkali mno na ni mhudumu yupi huongea na msindikizaji. Mhandisi anayetembea anaweza kupima, hawezi kujua.

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Barabara zetu zina bodaboda, miili yetu ina shinikizo na kisukari, na macho ya kila aliyejaliwa umri hufifia. Anayesaini leseni leo huenda ndiye atakayekuja kesho kwa magongo, akitafuta mahali pa kupandia. Afisa wa kaunti na mkaguzi wa bodi waongeze maswali hayo matatu kwenye fomu zao kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa. Karatasi na wino tayari wanazo.